Karata Haina Deni Nawe

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile: "Mwalimu, tangu jioni naifukuzia flashi na hainijii. Si zamu yake imeshafika? Nikomae au niache?" Nitalijibu kikamilifu, lisirudi tena. Karata haina zamu.

Chukua poka ya Texas hold'em, ambako flashi ni karata tano za aina moja. Umeshika shupaza mbili, na kati ya karata tatu za mezani mbili ni shupaza. Karata tano umeziona. Zimebaki 47 usizozijua, na tisa kati yake ni shupaza. Kwa karata ya nne pekee, 38 zinakunyima na 9 zinakupa, yaani nne na ushei kwa moja. Ukizisubiri zote mbili, ya nne na ya tano, flashi itatimia takriban mara 35 katika 100. Hesabu imeishia hapo. Itafute ndani yake nafasi ya yaliyokupata saa mbili usiku, haimo. Karata zote 52 zilikusanywa na kuchangwa upya kabla ya mgao huu.

"Lakini nimekosa mara tano mfululizo!" Hata kwa anayezisubiri karata zote mbili kila mara, kukosa mara tano mfululizo kuna uwezekano wa asilimia 12 hivi. Si nuksi, wala si mkono wa mtu. Mara ya sita uwezekano ni uleule wa asilimia 35. Kuna wanaojitetea kwamba mambo hujisawazisha. Hujisawazisha katika maelfu ya migao, na hizo mara tano ulizokosa zitamezwa na wingi huo bila kulipwa na yeyote. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu waliimwagia nyekundu fedha wakiamini zamu yake imefika, wakazipoteza.

Dawa zinazouzwa dhidi ya mkosi nazo ni bure. Kuomba pakiti mpya hakubadilishi hesabu hata kidogo. Kuhama kiti kunabadilisha kitu kimoja tu: nani anacheza kabla yako na nani baada yako.

Imani ya zamu ina pacha wake: "Leo karata zimenikataa, bora nitupe." Huyu anakosea kwa sababu ileile, na katika poka ya kikomo kosa lake ni ghali. Dau limefungwa kiwango, hivyo hakuna anayeweza kukuwekea rundo la kukutisha. Fungu hukua mezani huku bei ya kuona karata inayofuata ikibaki ndani ya kikomo. Anayetupa flashi inayosubiriwa kwa sababu ya mkosi anaacha hela zake mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza Cepheus, programu inayocheza poka ya kikomo ya Texas hold'em ya wachezaji wawili karibu na ukamilifu. Mkakati wake hauangalii mgao uliopita hata mara moja. Kama programu hiyo haiuhitaji, wewe unautakia nini?

Sasa ya kufanya, upesi. Tuseme dau ni 100 katika raundi mbili za mwanzo na 200 katika mbili za mwisho.

Kufuata: karata ya nne imetoka, fungu lina 1,000, mpinzani mmoja ameweka 200. Unalipa 200 kuwania 1,200, sita kwa moja. Flashi inahitaji nne na kidogo: lipa. Mfululizo (karata tano zinazofuatana) uliofunguka pande zote una karata nane za kuukamilisha, karibu tano kwa moja: lipa. Mfululizo wenye pengo la katikati una nne tu, kumi na nusu kwa moja: tupa. Mezani pakiwa na jozi, punguza matumaini. Flashi yako inaweza kufungwa na fulu hausi, yaani tatu za namba moja pamoja na jozi.

Kuongeza: baada ya karata tatu mmebaki wanne na wote wanafuata. Kila chipu inayoingia wewe unalipa robo yake, na flashi yako hutimia zaidi ya theluthi. Ongeza. Akibaki mpinzani mmoja anayeweza kutupa, weka dau pia, maana unashinda akikimbia na bado una nafasi akifuata. Ukiwa wa mwisho kucheza, ongeza 100 mapema. Mara nyingi wenzako watapita raundi inayofuata, nawe utaiona karata ya tano bila kulipa 200.

Kutupa: karata ya tano imekuja bila shupaza, mpinzani ameweka dau, na huna hata jozi. Tupa. Hela uliyokwisha kuiweka si yako tena. Ni ya fungu, na haina kura katika uamuzi huu wala wa mgao ujao.