Mwanagenzi, Faili na Neno "Homa": Kumfunza Daktari wa Watoto Kuboresha Huduma

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi daktari anayejifunza tiba ya watoto anavyofunzwa stadi za kuboresha huduma, pamoja na nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo.

Nchini Kenya, daktari mwanagenzi hukaa takriban miezi mitatu katika idara ya watoto, iwe Kitale au Bungoma, kisha huhamia idara nyingine. Akiondoka na ujuzi wake, wodi hurudi ilikokuwa. Kwa hivyo haitoshi kumfunza kumtibu mtoto mmoja. Sharti afunzwe kuurekebisha utaratibu unaowahudumia watoto wote.

Kati ya 2006 na 2008, utafiti ulifanywa katika hospitali 8 za wilaya nchini. Hospitali 4 zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, miongozo, fomu maalumu ya kumlaza mtoto, mhimizaji wa wahudumu, na ripoti zilizojadiliwa ana kwa ana. Nyingine 4 zilipata semina ya siku moja na nusu, na ripoti zao zilikuwa za maandishi tu. Huduma iliimarika zaidi katika kundi la kwanza.

Stadi zenyewe zina hatua nne: kupanga, kutenda, kupima na kurekebisha. Tuchukulie mfano. Wanagenzi wanapitia mafaili 20 na kuhesabu yaliyoandikwa uzito wa mtoto, kwa kuwa kiasi cha dawa hutegemea uzito. Wakigundua kwamba mizani iko mbali na meza ya kupokelea wagonjwa, wanaisogeza, kisha wanahesabu tena wiki inayofuata. Hawamsaki wa kulaumiwa, wanachunguza utaratibu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mama Mbukusu au Msabaoti aghalabu hujieleza kwa Kiswahili, naye daktari huandika kwa Kiingereza. Mama akisema "mtoto ana homa", huenda anamaanisha joto la mwili, au mafua tu. Akisema "alishtuka", huenda ilikuwa degedege. Fomu itajaa, hesabu itapendeza, ilhali kosa limo ndani. Mwanagenzi hana budi kuuliza zaidi: Je, mwili ulikuwa moto? Alikakamaa? Alipoteza fahamu?

Kwa kuhitimisha, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kukusanya maneno ya akina mama hawa na kuyafafanua kwa ajili ya wodi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama huyu hakuficha, hakueleweka.