Mabingwa wa uzito mdogo na nguvu ya ulingo wa nyumbani

Katika ngumi za kulipwa, mabondia hupangwa kwa madaraja ya uzito ili kila mmoja akutane na mtu wa kilo zake, na daraja la chini kabisa kwa wanaume, linaloitwa minimum, lina kikomo cha kilo 47.6, kisha juu yake yako madaraja kama fly (kilo 50.8), bantam (53.5) na super bantam (55.3). Kwa kuwa daraja moja hupishana na jingine kwa kilo moja au mbili tu, hadhi ya bingwa wa uzito mdogo haitokani na mkanda mmoja, bali na madaraja aliyoyapanda na mikanda aliyoikusanya kutoka vyama vinne vikuu, yaani WBA, WBC, IBF na WBO. Anayeishika yote minne katika daraja moja huitwa bingwa asiyepingika.

Hapo awali, aliyetaka ubingwa wa uzito mdogo alilazimika kuufuata Uingereza au Marekani. Jimmy Wilde wa Wales alitamba katika uzito wa fly tangu mwaka 1916 hadi Juni 1923, alipopigwa kwa KO ya raundi ya saba jijini New York na Pancho Villa, kijana aliyetoka Ufilipino. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1952, Yoshio Shirai alipokuwa Mjapani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia, kwani miaka miwili baadaye Pascual Pérez wa Argentina, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya London 1948, ndiye aliyesafiri hadi Tokyo kumvua taji.

Njia hiyohiyo aliipita Ricardo López wa Mexico, aliyestaafu bila kushindwa akiwa na ushindi 51 na sare moja, na ambaye mwaka 1990 alimpokonya Hideyuki Ohashi mkanda wa WBC wa uzito wa minimum mjini Tokyo. Ohashi hakuachana na mchezo, kwani baadaye alifungua gym Yokohama, na humo ndimo alimokulia kikazi Naoya Inoue, ambaye ametwaa mataji katika madaraja manne na kuwa bingwa asiyepingika wa bantam Desemba 2022, kisha wa super bantam Desemba 2023, mara zote mbili akiwa Tokyo.

Thamani ya ulingo wa nyumbani ilidhihirika Mei 6, 2024 katika uwanja wa Tokyo Dome, mbele ya watazamaji zaidi ya 40,000. Katika raundi ya kwanza, Luis Nery wa Mexico alimwangusha Inoue kwa konde la kushoto, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu aanze ngumi za kulipwa. Badala ya kukurupuka, Inoue alibaki amepiga goti huku mwamuzi akihesabu, akavuta pumzi, ndipo akainuka. Katika raundi ya pili akamwangusha Nery, akamwangusha tena katika ya tano, na katika ya sita akamaliza kazi.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuonja ubingwa huu kupitia Fatuma Zarika wa Kenya, aliyempiga Alicia Ashley kwa pointi huko Flint, Michigan, Oktoba 2016, na kutwaa mkanda wa WBC wa super bantam kwa wanawake. Mwaka 2018 aliutetea Nairobi dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, lakini waliporudiana nchini Mexico, Novemba 2019, Mercado akauchukua. Pambano moja halithibitishi kwamba safari ndiyo iliyomponza Zarika. Hata hivyo, historia ya Japani inaonyesha kwamba bingwa hudumu kwa urahisi zaidi pale ambapo gym, promota na watazamaji wa nyumbani wanaweza kumgharimia mpinzani aje, kwa maana kipaji hupatikana popote, ilhali fedha za kuandaa pambano la ubingwa hazipatikani popote.