Vita vya Pete kwa Kiswahili



Kamati ya kitabu hiki imenitaka niandike juu ya ule mchezo ambao baadhi yenu mliuona nyumbani kwetu Portsmouth wakati wa likizo ya kiangazi, wenye ubao unaofunika meza nzima ya kulia na sanamu ndogo za plastiki zaidi ya 200. Wageni wengine waliondoka wakisema kwamba tumerudi utotoni. Wengine walipiga simu kuuliza kama ni kweli kwamba Babu, ambaye Kiingereza chake kinatosha kuagiza chai na kuuliza bei tu, aliucheza tangu Adhuhuri mpaka Alasiri bila kuinuka. Ni kweli. Na kwa kuwa suala la watoto wetu na lugha limezungumzwa katika kila mkutano wa ukoo bila ya kupatikana dawa, nimeona bora nieleze mambo yalivyokuwa, kila mmoja apime mwenyewe.

Mchezo huu kwa Kiingereza huitwa War of the Ring, nasi tunauita Vita vya Pete. Ulibuniwa na Waitaliano watatu, Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2004. Sisi tunalo toleo la pili, la mwaka 2011. Hadithi yake imechukuliwa katika kitabu cha J.R.R. Tolkien kiitwacho The Lord of the Rings, kilichochapishwa kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Vijana wanakijua zaidi kwa filamu zake za mwaka 2001 hadi 2003. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaletwa Uingereza angali mtoto wa miaka mitatu, na baadaye akawa profesa wa Oxford aliyebobea katika lugha za kale. Jambo lililonivutia kwake ni kwamba alianza kwa kutunga lugha, na hadithi zikafuata ili lugha zile zipate watu wa kuzisema. Hilo naomba mlikumbuke, kwani tutalihitaji.

Sasa nieleze jinsi unavyochezwa. Mchezo ni wa watu wawili, na pande zake hazilingani hata kidogo. Mmoja huchukua upande wa Sauron, mfalme mwovu, unaoitwa Kivuli. Wa pili huchukua Watu Huru. Kivuli huanza na dadu 7, Watu Huru dadu 4, na kila dadu ni kazi moja: kutembeza jeshi, kukusanya askari, kutumia karata au kumtuma shujaa. Askari wa Kivuli wakifa huweza kuandikishwa tena, lakini wa Watu Huru wakifa ndio wamekwisha. Tena falme nyingi za Watu Huru huanza mchezo zikiwa zimelala. Haziwezi kushambulia wala kuita askari mpaka zishtuliwe, ama kwa kuvamiwa ama kwa kufikiwa na shujaa mwenye habari, na hata hapo huchukua muda kuingia vitani.

Kivuli hushinda kwa kuteka miji na ngome zenye jumla ya pointi 10. Watu Huru nao wanaweza kushinda kwa kuteka pointi 4, lakini tegemeo lao kubwa ni jingine. Katikati ya vita yote hiyo wanapita wasafiri wawili wadogo, Frodo na Sam, wamechukua pete ya Sauron mwenyewe, na wanasindikizwa na wenzao saba. Wakifika kwenye mlima wa moto huko Mordor na kuitupa humo, mchezo umekwisha, hata kama nusu ya miji yao imeshaanguka.

Shida ni kwamba wanasakwa. Kila msafara ukipiga hatua, Kivuli hurusha dadu za kuutafuta, na ukizidisha hatua katika mzunguko mmoja unazidi kumrahisishia kazi. Akiupata, huchotwa kigae chenye namba, na namba hiyo lazima ilipwe: ama mwenzao mmoja apotee, ama mchukuzi wa pete aongezewe mzigo. Mzigo ukifika 12 amelemewa, na Kivuli kimeshinda hata kama hakijateka kijiji. Kwa hivyo kila upande una vita mbili mkononi, moja ya majeshi iliyo wazi na moja ya safari iliyofichika, na dadu hazitoshi kwa zote mbili. Hapo ndipo akili inapohitajika.

Mchezo una karata 96, na kila karata ina maandishi mengi ya Kiingereza. Binti yangu wa pili, mwenye miaka 15, ndiye aliyeununua kwa fedha zake za siku za Idi, na kwa muda mrefu akicheza na kaka yake kwa Kiingereza. Babu na Bibi walipokuja kutoka Muscat kukaa nasi miezi mitatu, mambo yalikuwa kama yanavyokuwa katika nyumba nyingi zetu. Asubuhi, "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu." Baada ya hapo kila mtu na kiti chake. Si kwamba hawapendani. Mtoto anayafahamu mengi tunayosema, lakini kuyasema yeye anaona haya, na Babu naye hawezi kumfuata katika Kiingereza. Mara kwa mara nilimsikia akimjibu "ndiyo" na "hapana" na "sijui", basi.

Babu alikuja na bao lake, na mwanzoni nilitumaini kwamba bao ndilo litakalowakutanisha. Bao ni mchezo wetu, na lina lugha yake. Huwezi kumfundisha mtu bao bila ya namu, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi na kutakata kumwingia. Lakini bao lina mashimo 32 na kete 64, kila kitu kiko wazi na bahati haina nafasi humo. Babu amecheza miaka 60. Mtoto akifungwa mara tano kwa dakika kumi kumi, hatimaye hutafuta simu yake. Kosa si la bao wala la mtoto. Umbali baina yao ulikuwa mkubwa mno.

Siku moja Babu alisimama kando ya meza wakati watoto wanacheza, akauliza yule mweusi aliye juu ya ndege ni nani. Binti akajaribu kumweleza, akakwama, akaniita. Mimi nikakataa kutafsiri. Nikasema: Babu akitaka kucheza na acheze, lakini karata yoyote itakayotupwa mezani isihesabiwe mpaka aliyeitupa aseme kwa Kiswahili inafanya nini. Na Babu akichota karata yake asome kaka mtu kwa kumnong'oneza, vilevile kwa Kiswahili. Sharti hilo ndilo lililofanya kazi yote iliyofuata.

Kwanza ilibidi tutafute majina. Bibi hachezi, alikuwa akichambua mchele kwenye kiti chake karibu na dirisha, lakini maneno mengi tunayotumia leo ni yake. Ngome ikizungukwa na maadui watoto walisema "imefungwa". Bibi akasema hapana, ngome haifungwi kama duka, ngome inahusuriwa. Hakuna mtoto aliyewahi kulisikia neno hilo, na sasa wanalisema kila siku. Yule anayeongoza msafara wakampa jina la rubani, maana Bibi aliwaambia kwamba kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa kuonyesha chombo njia ya kuingilia bandarini. Jicho halikuhitaji maelezo. Bibi aliposikia kwamba kuna jicho linalomtafuta mtu ili limdhuru, akasema habari hizo anazijua tangu hajaolewa.

Neno lililoleta ubishi mkubwa ni lile la madhara yanayompata mchukuzi wa pete. Kaka mtu alilitafuta katika kamusi akaja na "ufisadi". Babu akacheka, akasema huo ni wa mawaziri, huyu kijana hajaiba kitu. Wakajaribu "uchafu", haukufaa. Bibi akauliza, "Hiyo pete ni nzito?" Binti akasema ni ndogo sana, lakini kila akienda inakuwa nzito kwake. Bibi akasema, "Basi huo ni mzigo." Ukawa mzigo mpaka leo.

Mechi ambayo wageni waliisikia ilikuwa ya tatu baina ya Babu na binti. Babu alishika Kivuli. Binti aliwatoa wasindikizaji mapema, akawatuma Rohan, Gondor na kwa Vibeti kuziamsha falme. Ziliamka kweli, na Babu alipata taabu. Hata hivyo aliteka Lórien, kisha Edoras, kisha Helm's Deep, na mwisho akaihusuru Minas Tirith na kuiangusha. Pointi 7. Wakati huohuo msafara ulikuwa umeingia Mordor, ambako kila hatua ni lazima kigae kichotwe. Wasindikizaji wote walikuwa wamekwisha, rubani ni Gollum, mzigo 10, imebaki hatua moja. Binti akachota. Kigae cha 3. Gollum huweza kupunguza 1, zikabaki 2, na 10 na 2 ni 12. Kivuli kimeshinda.

Nilidhani mtoto atainuka aende zake chumbani. Badala yake akabisha! Babu alimwambia: "Uliwatawanya wenzako. Ungaliwaweka karibu na mzigo, kigae kile angekilipa mmoja wao." Binti akasema kwamba wangalibaki wote na msafara, Rohan wangelala mpaka mwisho, na Babu angemaliza pointi zake 10 zamani. Babu akasema, angalau mmoja angebaki. Binti akasema, "Nani? Niambie nani, Babu." Wakarudi nyuma mzunguko kwa mzunguko, wakizirudisha sanamu mahali pake, na mjadala ule ukachukua karibu saa nzima. Kiswahili cha binti kilikuwa na ngeli zilizopinda huku na huku, na hakuna aliyemsahihisha. Mtu anayetetea rai yake hana nafasi ya kuona haya.

Mimi nilikuwa jikoni nawasikiliza. Katika ukoo uliotawanyika Muscat, Dubai, Portsmouth na kwetu Unguja, swali la nani aende akaamshe wengine na nani abaki karibu na mzigo si geni. Nilisikia Bibi naye akiingia katika mjadala kutoka kitini kwake. Alikuwa upande wa mtoto.

Ama kuhusu dadu, najua wapo jamaa wasiozipenda kwa sababu za dini, na shemeji mmoja aliniuliza waziwazi. Nyumbani kwetu haiwekwi hata senti moja juu ya mchezo wowote, na Sala ikifika mchezo husimama. Anayeona hata hivyo dadu hazimfai, tunamheshimu, na bao letu liko palepale.

Sidai kwamba sanduku moja la mchezo litarudisha lugha katika nyumba zote. Nasema nilichokiona. Madarasa ya Jumamosi tumewapeleka watoto, na mazuri waliyoyapata huko sitayakana, lakini darasani mtoto huulizwa maswali ambayo mwalimu tayari anajua majibu yake. Mezani alikuwa na jambo lake mwenyewe la kusema, na mtu aliyetaka kulisikia.

Babu na Bibi wamerejea Muscat. Siku ya Ijumaa simu ikilia, binti huiwahi yeye, na maamkizi yakimalizika swali la Babu ni lilelile: "Rohan wameshaamka?"

Anayetaka kuanza ajue kwamba mchezo mmoja huchukua kama saa tatu, na mara ya kwanza huenda ukazidi. Majina yetu ya Kiswahili tumeyaandika katika daftari na tutampa nakala kila atakayeomba. Katika mkutano ujao wa ukoo meza itatandikwa chumba cha pili baada ya chakula cha mchana. Sharti ni lile moja, na Bibi ameahidi kuwapo.