Kadi ya Mtafuta Kazi

Vijana wa Uvira wanaomaliza masomo huuliza: Je, serikali humlipa asiye na kazi? Tuseme wazi: hailipi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2016 juu ya hifadhi ya jamii yataja msaada wa familia, ajali na magonjwa ya kazini, na pensheni. Posho ya asiye na kazi haimo.

Iko ofisi ya taifa ya kazi, iitwayo ONEM, iliyoundwa mwaka 2002. Huandikisha watafuta kazi, huwapa kadi, na kuwaunganisha na waajiri. Lakini kadi haiahidi mshahara.

Basi kijana, tayarisha mapema nakala ya diploma, kitambulisho na barua safi ya maombi. Akija mtu kukuuzia nafasi, mkatalie: wengi waliolipa wamekosa fedha na kazi pia.

Nanyi wazazi, kumbukeni Kiliba. Kiwanda cha sukari kiliposimama kwa vita vya mwaka 1996, hata wenye mishahara walirudia jembe. Kwa hiyo anayengoja jibu asione haya kulima katika bonde la Ruzizi au kuvua ziwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.