Kidonge cha Mtetemeko na Hamu ya Kubeti

Mwongozo wa Chama cha Tiba ya Usingizi cha Marekani uliochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 umeziondoa katika nafasi ya kwanza dawa zilizotegemewa kwa miaka mingi kutibu miguu isiyotulia, yaani hali ya kuhisi mvuto au mtambao ndani ya miguu unaomlazimu mtu kuinuka na kutembea kila anapojilaza usiku. Dawa hizo, ambazo maarufu zaidi ni pramipeksoli na ropiniroli, ndizo zilezile zinazotumika katika ugonjwa wa Parkinson, unaomfanya mtu atetemeke akiwa ametulia, akakamae viungo na awe mzito wa mwendo. Mgonjwa wa Mpanda, Mlele au Karema, mkoani Katavi, anayeandikiwa dawa hizo na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huko Mwanza, Mbeya au Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani na vidonge vya miezi kadhaa, huwa mbali sana na aliyemwandikia, na kwa hiyo yeye na jamaa zake hawana budi kujua mapema mambo ya kuangalia.

Mkononi mwa mgonjwa wa Parkinson dalili huonekana wazi: kidole gumba na cha shahada husuguana kana kwamba anaviringisha punje, na mtetemo huo hupungua anapounyosha mkono kushika kikombe. Bado wapo wanaosema kwamba amerogwa, wapo wanaosema ni adhabu ya gongo aliyokunywa ujanani, na wapo wanaosema ni uzee tu usio na dawa. Kauli hizi zote tatu si kweli, na ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa, kwa sababu husemwa kwa upole na hukubalika haraka. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya waliobainika kuwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huo.

Chanzo cha ugonjwa ni kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, ambayo ni kemikali ya kupelekeana taarifa kati ya seli. Dawa kuu, levodopa, ambayo imo pamoja na kabidopa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni malighafi inayogeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Pramipeksoli na wenzake hazigeuzwi kuwa chochote, bali huenda moja kwa moja kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, zikavigusa kana kwamba ndizo dopamini yenyewe; ndiyo maana zinaitwa dawa zinazoiga dopamini. Bromokriptini, ambayo wanawake wengi huijua kama dawa ya kukausha maziwa, ni ya kundi hilohilo.

Mengi yanayofuata hutokana na mahali vipokezi hivyo vilipo. Pramipeksoli na ropiniroli hupendelea aina inayoitwa D3, ambayo imejaa zaidi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia malipo na tamaa kuliko ile inayoongoza mkono na mguu. Tena Parkinson huiharibu sehemu ya mwendo mapema na kuiacha ile ya tamaa ikiwa bado ina dopamini yake, hivyo kipimo kinachoutosha mkono huwa kimezidi kwa tamaa. Dopamini yenyewe si kemikali ya furaha, kama wanavyodai wauzaji wa virutubisho wanaolipamba neno hilo katika matangazo yao. Wolfram Schultz na wenzake, kwa majaribio waliyofanya kwa nyani, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba seli za dopamini hulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana: kiumbe akipata zaidi ya alivyotarajia, seli hizo hupiga kwa wingi, akipata kilekile alichotarajia, hubaki katika mapigo yake ya kawaida, na akikosa, hunyamaza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kule kunyamaza ndiko kunakoufundisha ubongo kwamba jambo hilo limeleta hasara na lisirudiwe. Sasa dawa inayoiga dopamini, ambayo kwa pramipeksoli huchukua saa 8 hadi 12 kupungua kwa nusu tu mwilini, huvishikilia vipokezi muda wote, hata wakati ambapo seli zenyewe zimenyamaza, na ubongo hubaki kama jaruba la mpunga linalomiminiwa maji ya pampu usiku na mchana, ambalo mwenye shamba hawezi kuliangalia akajua kwamba mto umekauka. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 na Michael Frank na wenzake liliafikiana na maelezo hayo: wagonjwa wa Parkinson waliokuwa wametumia dawa za dopamini walijifunza vizuri kutokana na kupata na vibaya kutokana na kukosa, na walipokuwa hawajazitumia mambo yakawa kinyume.

Mtu wa namna hiyo akipewa simu yenye programu ya kubeti, akashinda mkeka mmoja na kupoteza kumi, ule mmoja humfundisha na ile kumi haimfundishi kitu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada ulikuta kwamba asilimia 17.1 ya waliotumia dawa zinazoiga dopamini walikuwa na tabia ya kushindwa kujizuia, ikilinganishwa na asilimia 6.9 ya wasiozitumia. Tabia hizo ni kucheza kamari, kununua vitu bila mpango, kula kupita kiasi na tamaa ya ngono isiyokuwepo kabla. Anayetumia dawa hizo kwa ajili ya miguu isiyotulia hajasalimika, ingawa kipimo chake huwa kidogo. Mzee aliyesifika kwa kutunza fedha za tumbaku au za mpunga, akianza kuuza ng'ombe kwa siri ili apate za kubeti, hukabiliwa na ukoo kwa lawama, maombi au safari ya kwa mganga, wakati jambo la kwanza la kuuliza ni kidonge gani alianza kumeza na lini. Na kwa kuwa mwenyewe huona aibu, au hajioni kuwa amebadilika, swali hilo lipelekwe pia kwa mke wake au watoto wake.

Kwa upande wa miguu isiyotulia, sababu ya mwongozo wa 2025 kugeuka ni kwamba dawa hizi, baada ya miezi au miaka, mara nyingi huikuza hali zilizopewa kuituliza: mvuto uliokuwa ukianza saa nne usiku huanza alasiri, hupanda hadi mikononi, na kila kipimo kinapoongezwa tatizo huongezeka. Mwongozo huo unatanguliza kupima feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, kwa sababu kimeng'enya kinachotengeneza dopamini hakifanyi kazi bila chuma. Ni kweli kwamba utafiti wa Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa mwaka 2010, uliwakuta watu wachache mno wenye hali hii; hata hivyo, mahali ambapo malaria, minyoo na ujauzito huleta upungufu wa damu, kumpa mtu pramipeksoli kabla ya kupima chuma ni uzembe. Klorofenamini, ambayo wengi huiita piritoni na kuimeza ili walale, huweza kuizidisha miguu hiyo.

Kisha wapo wanaouza unga wa "kusafisha mishipa" kwa kipaza sauti minadani, wakimwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali. Baadhi ya unga wa namna hiyo duniani hutengenezwa kwa mbegu za upupu, na ukweli ni kwamba mbegu hizo zina levodopa halisi, kiasi kwamba watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa wa Parkinson wakaona mwendo ukirahisika. Lakini katika majaribio hayo unga ulipimwa kila gramu, ilhali muuzaji wa mnadani hajui kilichomo katika kijiko chake, na anayemwongezea levodopa isiyopimwa mtu anayemeza ropiniroli humtafutia njozi za mchana na kuanguka. Huo si uganga, ni hatari inayouzwa, na anayeiuza anastahili kuripotiwa.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji. Dawa hizi huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa pramipeksoli. Antibiotiki ya siprofloksasini, inayonunuliwa dukani kwa urahisi mno, hupandisha kiwango cha ropiniroli katika damu. Mgonjwa wa Parkinson akitapika asipewe metoklopramidi, kwa kuwa huvifunga vipokezi vya dopamini na kumkakamaza zaidi. Aliyeanza dawa hizi asiendeshe bodaboda wala gari hadi ijulikane zinavyomlaza, kwani mwaka 1999 waliripotiwa wagonjwa wanane waliolala ghafla wakiwa kwenye usukani. Vidonge visiachwe kwa mkupuo, wala visisubiriwe kwisha ndipo vitafutwe vingine: kukatizwa ghafla huleta jasho, wasiwasi na huzuni kali, na mara chache homa kali yenye kukakamaa na kuchanganyikiwa, ambayo katika mkoa wenye malaria kama Katavi ni rahisi kuitibu kama malaria huku mgonjwa akizidiwa. Kwa hiyo jamaa wanaomfikisha mgonjwa wa namna hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi au kituo chochote cha afya waende na paketi zote za dawa zake, hata zilizo tupu, na wamweleze daktari siku aliyomeza kidonge cha mwisho.