Usikivu Hafifu Kazini: Tunayoyaona kwa Wachimbaji wa Tarime na Serengeti

Mke wake ndiye aliyemleta kliniki. Mwanamume huyo, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, alikuwa ameendesha karasha la kusagia mawe ya dhahabu wilayani Tarime kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa maoni yake masikio hayakuwa na tatizo. "Nasikia, daktari," alisema, "ila watu siku hizi hawatamki maneno vizuri." Kazini alikwisha kuitwa mkaidi: mara mbili aliambiwa azime mashine, akaendelea kusaga.

Maelezo yake yalikuwa ya kweli kuliko alivyojua. Kelele kubwa ya kila siku huua seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, nazo hazioti tena. Huanza kufa zile zinazopokea sauti nyembamba. Kwa hiyo irabu husikika, lakini konsonanti kama s, f, t na k hufifia: "shika", "fika" na "pika" huwa neno moja, na "kata" haitofautiani na "pata". Pengo hilo mgonjwa hulijaza kwa kukisia. Nyumbani, kwa Kikurya na kwa mazungumzo aliyoyazoea, kukisia humfaa. Kazini, msimamizi anapotoa agizo kwa Kiswahili cha haraka huku jenereta ikinguruma, kukisia humponza.

Mikono yake haijapungukiwa na ujuzi wowote. Kilichoharibika ni njia ya kupokea maagizo. Aidha, nguvu ya akili inayotumika kukisia maneno huondolewa katika kazi yenyewe, ndiyo maana wagonjwa hawa hulalamikia uchovu wa jioni usiolingana na shughuli za mchana. Hukwepa vikao vya asubuhi, huitikia wasichokisikia, na huficha hali yao wakihofia kuachishwa.

Kiwango kinachokubalika ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Asiye na kipimo atumie kanuni hii: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, mahali hapo ni pa hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma nchini ulikuta takribani nusu yao wamepungukiwa na usikivu. Mgodi mkubwa kama North Mara, kule Nyamongo, una mwajiri anayewajibika kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Kwenye maduara na makarasha ya wachimbaji wadogo mara nyingi hakuna mkataba wala mwajiri wa kudaiwa. Mafundi wa kuchomelea vyuma na waendesha mashine za nafaka pale Mugumu wako katika hali hiyohiyo.

Mhudumu wa zahanati aanze kwa kutazama nta na usaha. Kisha asimame nyuma ya mgonjwa, umbali wa mkono, amzibe sikio moja na kumnong'oneza tarakimu azirudie. Mgonjwa awe amepumzika mbali na kelele tangu jana yake, la sivyo matokeo yatapotosha. Asiyeweza kuzirudia apewe rufaa ya kipimo kamili cha usikivu.

Bei ya kifaa cha usikivu ilimshinda mgonjwa wetu. Kwa ridhaa yake tulimwandikia msimamizi barua: amwagize uso kwa uso, karasha lifungiwe taa nyekundu ya kuamuru kuzima, na waendeshaji wote wavae vizibo vya masikio. Aliporudi baada ya miezi minne, taa ilikuwa imefungwa na bado yuko kazini. Usikivu wake haukuwa umeshuka zaidi. Masikio yangali yanamvumia usiku, na kwa hilo sina dawa ya kumpa.