Maadili na Malengo ya Shahada ya Uuguzi: Mgonjwa Ananufaika Vipi?

Mgonjwa anapolazwa wodini, mtaalamu anayekuwa naye kwa muda mrefu zaidi, mchana na usiku, ni muuguzi. Daktari hupita, hupima, huandika maelekezo na kuwaendea wagonjwa wengine, muuguzi hubaki. Ndiyo maana mabadiliko ya kwanza ya hali ya mgonjwa, yawe ya nafuu au ya hatari, mara nyingi hutokea mbele ya macho yake. Elimu ya uuguzi ina wajibu wa kuyaandaa macho hayo yatambue wanachokiona, na kumwandaa mwenyewe achukue hatua.

Nchini Tanzania, elimu hiyo hutolewa katika ngazi za cheti, stashahada na shahada. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali chini ya usimamizi. Taaluma yenyewe huongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Misingi ya maadili

Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni zake za maadili kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na toleo la karibuni lilitolewa mwaka 2021. Kanuni hizo zinamkabidhi muuguzi wajibu wa kukuza afya, kuzuia magonjwa, kurejesha afya na kupunguza mateso. Kutokana na wajibu huo, mwanafunzi hufundishwa kuheshimu utu wa kila mtu, kutunza siri, kusema kweli, kutenda haki bila ubaguzi na kumtetea mgonjwa asiyeweza kujisemea.

Wapo wanaoyaona maadili haya kuwa maneno ya kiapo tu, na kwamba kinachookoa maisha ni ujuzi wa mikono. Mfano wa mama aliyejifungua unaonyesha kuwa mambo haya mawili hayatengani.

Mfano wa chumba cha kujifungulia

Mama anayejifungua kwa njia ya kawaida na kupoteza mililita 500 za damu au zaidi ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa ametokwa na damu kupita kiasi. Kukadiria damu kwa macho hupotosha, kwa kuwa nyingi hunyonywa na vitambaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha akina mama zaidi ya 200,000, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, pamoja na matibabu yanayoanzishwa yote kwa mpigo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza na kupunguza utokaji wa damu, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Palipotumika utaratibu huo, asilimia 93 ya waliotokwa na damu nyingi walitambuliwa. Kwingineko walitambuliwa takribani asilimia 51. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita 1 ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya kutokwa na damu, yalipungua kwa jumla yake kwa asilimia 60.

Hata hivyo, mfuko wa plastiki hauna kauli. Ni lazima mtu autazame kila baada ya dakika chache, hata saa tisa usiku. Auweke kwa kila mama, hata kwa binti aliyekuja bila mume wala ndugu. Aandike kipimo alichokiona, si kunakili cha awali. Na aanze matibabu na kuita msaada bila kuhofia kukemewa. Uangalifu, usawa, uadilifu na ujasiri ndivyo vinavyokifanya kifaa kiwe na faida.

Malengo ya mafunzo

Kwa sababu hiyo, shahada ya uuguzi hulenga kumjenga mtaalamu anayeweza kupima hali ya mgonjwa na kufanya uamuzi, kutumia matokeo ya tafiti kazini, kushirikiana na madaktari na wafamasia, kuongoza wodi, na kumwelimisha mgonjwa na familia yake kwa lugha wanayoielewa. Hayo hayapatikani kwa mihadhara pekee. Mwanafunzi humwiga muuguzi mzoefu anayemwona wodini. Akiona mgonjwa anafokewa, atajifunza kufoka. Kila muuguzi wa wodi ni mwalimu, apende asipende.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa naye ana haki ya kujua jina la anayemhudumia, kuelezwa dawa anayopewa ni ya nini, kusitiriwa anapochunguzwa, na kuuliza asipoelewa. Akihisi hali yake imebadilika, aseme mapema. Muuguzi aliyefundwa vyema hataliona swali hilo kuwa usumbufu. Atalipokea kama taarifa ya kitabibu, na ataacha alichokuwa akifanya ili aende kumtazama.